Baridi ya Makete na Themostati Iliyotupwa

Miezi ya Juni na Julai, dereva wa Hiace anayetoka Njombe alfajiri kuelekea Makete huendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika kitambaa. Pumzi za abiria zinatua kwenye kioo cha baridi na kugeuka ukungu, feni inavuma kwa nguvu zake zote, na hewa inayotoka kwenye matundu ya dashibodi haina tofauti na ile ya nje. Barabara ina kona nyingi, malori ya mbao na viazi yanapishana naye, na kila baada ya muda mfupi kioo kinafunga tena. Ukimuuliza kuhusu hita, jibu lake ni fupi: gari ni la zamani.

Jibu hilo limekubalika kote kwenye nyanda za juu, kuanzia Kawetere juu ya jiji la Mbeya hadi Limuru na Timboroa kule Kenya, nami nalipinga. Umri peke yake hauui hita. Hiace ile ilitengenezwa katika nchi ambayo kisiwa chake cha Hokkaido hufunikwa na theluji kila mwaka, na huko gari lisilo na hita halina mnunuzi. Ilishushwa bandarini ikiwa na miaka kadhaa, na hita yake ilikuwa inapasha. Imefia hapa kwetu, hatua kwa hatua, na baadhi ya hatua hizo zilichukuliwa kwa makusudi na watu walioamini kwamba wanaliokoa gari.

Ili kuelewa ilivyokufa ni lazima kujua joto lake linatoka wapi. Hita ya gari haina moto wake yenyewe. Injini ikiunguza mafuta, sehemu ndogo tu ya nishati ndiyo inayozungusha magurudumu. Nyingine inatoka na moshi wa ekzosi, na nyingine, ambayo ni karibu theluthi ya yote, hubebwa na maji yanayozunguka ndani ya bloku na silinda hedi. Maji hayo hupelekwa kwenye rejeta kubwa ya mbele yakapoozwe. Lakini tawi dogo hupita kwenye mipira miwili inayopenya ukuta wa kabini na kuingia kwenye rejeta ya pili, ndogo kiasi cha kubebeka kwa mkono mmoja, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni inapuliza hewa kupitia rejeta hiyo, na hewa inatoka na joto ambalo vinginevyo lingetupwa barabarani. Hita yenye afya inaweza kutoa kilowati 5 au zaidi bila kuongeza hata tone la mafuta.

Kwa hiyo hewa ya uvuguvugu kwenye dashibodi ni taarifa kuhusu maji ya injini. Inafika mapema kuliko mshale wa joto, mapema kuliko mvuke kwenye boneti, na mapema sana kuliko gasketi ya hedi kuungua. Dereva wa Kinondoni, kwenye joto la Dar es Salaam, hawezi kuisikia taarifa hiyo kwa sababu hajawahi kufungua hita maishani mwake. Dereva wa Makete anaisikia kila asubuhi, na amefundishwa kuipuuza.

Niseme haki: yapo magari ambayo hayakuwa na hita ya maana tangu kiwandani. Land Rover za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948, ziliuzwa huku hita ikiwa nyongeza ya kulipia, asiyeilipia hakufungiwa. Volkswagen Beetle haina maji kabisa. Hita yake huchota joto kwenye ekzosi na kulipitisha kwenye mifereji ya bati iliyo chini ya milango, na bati hilo likiliwa na kutu, joto linamwagika nje kabla ya kumfikia dereva. Magari hayo yana udhuru. Corolla, Hilux, Noah na Hiace za miaka ya 1990 na 2000, ambazo ndizo zimejaa barabarani kwetu, hazina.

Kuporomoka kunaanza na jambo dogo: mpira wa maji uliolegea klampu yake, tone chini ya gari asubuhi, na dumu la maji ya bomba kwenye buti. Gari liliondoka Japani likiwa na kulanti, yaani maji yaliyosafishwa yakachanganywa na ethilini glaikoli na dawa za kuzuia kutu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi hadi nyuzi 37 chini ya sifuri, na huchemka kwenye nyuzi 107 badala ya 100 ukiwa usawa wa bahari. Watu wengi wanaijua kulanti kama dawa ya barafu, na kwa kuwa maji hayagandi Dar es Salaam, wanaiona ni anasa. Kazi yake kubwa kwetu ni nyingine. Ndani ya mfumo mmoja wa maji kuna bloku ya chuma, hedi ya alumini, na mara nyingi shaba na risasi za kulehemu. Metali tofauti zikilowa pamoja kwenye maji yenye chumvi, huzalisha umeme mdogo unaoila ile iliyo dhaifu kuliko zote. Dawa zilizo ndani ya kulanti huziwekea metali hizo utando wa kuzikinga.

Dumu la kwanza la maji linapunguza dawa hiyo. La pili na la tatu zinaimaliza. Na maji yenyewe si ya aina moja: visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na maji ya visima katika mikoa ya kati ni mazito kwa madini. Madini hayo hujitenga pale penye joto kali na kuganda kwenye kuta, kwa namna ileile yanavyotia ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Hata kulanti iliyokuwa nzuri ina ukomo. Zile za kijani za zamani zilihesabiwa kudumu miaka 2 hivi, na za kisasa za muda mrefu hufika miaka 5. Gari likiishi kwetu miaka 15 bila kubadilishiwa, kilichobaki ndani si kulanti tena, hata kama bado kina rangi.

Kuhusu rangi, ziko chupa sokoni ambazo ndani yake ni maji tu yaliyotiwa rangi. Rangi nyekundu au ya kijani haithibitishi chochote, wala haikuambii kama aina mbili zinaweza kuchanganywa. Kuna aina ambazo zikikutana huzaa tope. Anayenunua asome lebo: itaje glaikoli na kiasi chake, na aina ya gari inayofaa. Isipotaja, aiache dukani.

Uchafu huo, kutu na ukoko na tope, hautuami kila mahali kwa kiwango kimoja. Unatafuta penye njia nyembamba na mwendo wa polepole, na hapo ni kwenye rejeta ndogo ya hita. Gari lenye valvu ya hita, likikaa Pwani, linaweza kukaa miaka valvu imefungwa. Maji ya ndani yamesimama, na kila chembe inayoingia inatua chini na kubaki. Nimeona rejeta ya namna hiyo ikikatwa kwa msumeno kwenye gereji moja mjini Njombe. Kati ya vijia vyake, vya juu vilikuwa wazi, vya katikati vimeziba nusu, na vya chini vimejaa tope la kahawia zito kama uji wa ulezi. Ndani ya tope mlikuwa na vipande vyekundu vya silikoni, ile gasketi ya kupaka ambayo fundi aliibandika kwa wingi kwenye pampu ya maji. Iliyobanwa kwa ndani ilikatika, ikasafiri na maji, na ikafika mwisho wa safari yake hapo.

Tuongeze na unga wa kuziba rejeta. Rejeta kubwa ikivuja, zipo dawa za dukani, na zipo za nyumbani: wapo wanaotia binzari, wapo wanaovunja yai. Zote hufanya kazi kwa kuganda penye upenyo mdogo. Hazina uwezo wa kutofautisha tundu linalovuja na kijia cha hita. Mtu aliyekwama porini usiku ana haki ya kutumia kila alichonacho ili afike nyumbani. Aliyefika nyumbani na kuendelea na gari hilo mwaka mzima bila kulisafisha amekubali kuipoteza hita.

Hadi hapa gari bado linatembea na mshale wa joto uko mahali pake. Kinacholeta pigo ni kifuniko cha rejeta, na hapa jiografia ya nyanda za juu inaingia kwa namna ambayo mafundi waliojifunzia Pwani hawaioni kwa urahisi.

Kifuniko kina springi na mpira wa kuziba. Kazi yake ni kushikilia presha, na kiwango chake kimeandikwa juu: 0.9 au 1.1 ni vya kawaida. Presha ya 0.9 hupandisha nyuzi za kuchemka kwa maji hadi karibu 120 usawa wa bahari. Mpira ukichakaa au springi ikilegea, presha hiyo inapotea na maji yanarudi kuchemka kama ya sufuriani. Sasa angalia mwinuko. Kila tunapopanda mita 300 hivi, nyuzi za kuchemka hushuka kwa 1. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni 91. Injini nyingi zimewekewa themostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 au 88. Kwa hiyo gari lenye maji matupu na kifuniko kibovu likipanda Timboroa na mzigo, kati ya joto lake la kawaida kabisa na kuchemka zimebaki nyuzi chache sana. Linachemsha likiwa halina kosa jingine lolote.

Dereva anasimama pembeni, mvuke unatoka, anasubiri, anaongeza maji, anaendelea. Akifika mjini anaeleza: gari linachemsha milimani. Fundi anatoa themostati na kuitupa.

Naijua hoja yake, na kwa juu inaonekana ina mantiki. Themostati ni mlango. Ndani yake kuna kibuyu cha shaba chenye nta. Maji yakipata joto nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma pini, na mlango unafunguka kuruhusu maji yaende rejeta kubwa. Maji yakiwa baridi, mlango umefungwa ili injini ipate joto haraka. Fundi anasema: huku kwetu ni nchi ya joto, mlango wa nini? Uondolewe, maji yapite wakati wote. Mshale unashuka, mteja anafurahi, analipa. Mafundi wa leo walifundishwa hivyo na mafundi wao, nao wanawafundisha vijana wao, na magari ya rika nzima yameingia milimani bila mlango huo.

Injini iliyoondolewa themostati kwenye baridi ya Makete haifiki joto lake. Kwenye mteremko mrefu mshale unalala chini kabisa. Maji yanayopita kwenye hita ni ya nyuzi 50 au 60, na hita inatoa kile ilichopewa. Hapo hakuna rejeta iliyoziba wala kebo iliyokatika, kuna injini baridi tu, na gharama yake haiishii kwenye vidole vya dereva. Gari la kompyuta ya injini, yaani karibu kila gari la petroli la miaka ya 2000, likisoma maji ya baridi hudhani ndiyo kwanza limewashwa, na linaendelea kumimina mafuta ya ziada. Oili nayo haipati joto la kutosha kutoa unyevu na petroli iliyoingia humo. Fungua kifuniko cha oili cha gari kama hilo asubuhi ya baridi, mara nyingi utakuta utando wa maziwa umeshika chini yake. Kuna fundi atakayeuona utando huo na kutangaza kwamba gasketi ya hedi imeungua, na mteja atalipia kufunguliwa injini isiyo na ugonjwa huo.

Kuna ubaya zaidi. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani cha pili upande wa chini. Mlango mkubwa ukifunguka, kisahani hicho huziba njia ya mkato ambayo maji yalikuwa yakiitumia kuzunguka ndani bila kwenda rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji yanayotoka kwenye hedi yakiwa moto inarudi palepale bila kupoozwa. Gari hilo ni baridi kwenye mteremko na hita imekufa, na kwenye mlima mrefu wenye mzigo linachemsha kuliko mwanzo. Mwenye gari anarudi gereji. Anauziwa rejeta, kisha feni, kisha pampu.

Hatua ya mwisho ni ya kupiga dairekti. Rejeta ya hita iliyooza inaanza kuvuja: kapeti la upande wa abiria linalowa, ndani kunanukia utamu, na kioo kinapata utando wa mafuta usiofutika kwa kitambaa. Mabasi madogo yenye hita ya nyuma yana udhaifu wa ziada, kwa sababu maji yake hupelekwa kwa mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu, penye tope na mawe, na huko kutu inayala kutoka nje na ndani. Kutoa dashibodi ni kazi ya siku nzima au zaidi. Fundi anachukua kipande cha bomba, anaunganisha ile mipira miwili kule kwenye injini, na hita inaachwa kavu. Kuanzia hapo feni ni ya kupulizia vumbi. Gari likiuzwa, mnunuzi haambiwi, naye haulizi, kwa kuwa naye anaamini kwamba gari ni la zamani.

Gari lililopita kwenye hatua hizi linachunguzwaje? Mpangilio una maana kubwa kuliko vifaa. Watu huanza na rejeta ya hita kwa sababu ndiyo yenye jina la hita, na ndiyo ya gharama kuliko zote kuifikia. Inapaswa kuwa ya mwisho.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta na uangalie. Kamwe usikifungue ikiwa moto. Maji yaliyobanwa na presha yanaruka usoni. Kiwango kiwe hadi shingoni. Hita mara nyingi iko juu kuliko sehemu kubwa ya injini, kwa hiyo maji yakipungua, yenyewe ndiyo ya kwanza kukosa. Chovya kidole na utazame rangi: kahawia ya kutu inakueleza historia yote niliyoisimulia. Angalia mpira wa kifuniko kama umepasuka au umekuwa mgumu. Kifuniko kipya chenye kiwango kilekile ndicho spea ya bei nafuu kuliko zote katika habari hii, na kwa gari la milimani ningekibadilisha bila kusubiri ushahidi.

Washa gari, weka hita mwisho wa moto, feni ya polepole, uliendeshe hadi injini ishike joto lake. Kama baada ya mwendo wa nusu saa mshale bado uko chini ya mahali pake pa kawaida, usiendelee na kitu kingine. Tafuta themostati, ama haipo, ama imekwama wazi.

Mshale ukiwa sawa, simamisha gari na uguse ile mipira miwili inayoingia kabini, kwa uangalifu, au uipime kwa kile kipimajoto cha kulenga kwa mwanga ambacho siku hizi hakina bei kubwa. Mikono ya fundi mzoefu inatosha. Yote miwili ikiwa ya moto na hewa ya ndani bado ni baridi, maji hayana kosa: ndani ya kisanduku cha hita kuna kilango cha hewa ambacho hakifunguki, kebo yake imechomoka au mota yake imekufa, na unaweza kuliona hilo kwa kulala chini ya dashibodi huku mwenzako akisogeza swichi. Hewa ikiwa ya moto lakini hafifu, angalia chujio la kabini na majani yaliyoingia kwenye feni. Mpira mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, maji yanaingia kwa shida: anza na valvu kama gari linayo, kisha ushuku kuziba. Yote miwili ikiwa vuguvugu ilhali injini ina joto, mzunguko ni dhaifu, ama kwa hewa iliyonaswa, ama kwa pampu ambayo mapanga yake yameliwa na kutu. Dalili ya hayo mawili ni hita inayopasha ukikanyaga mafuta na kupoa gari likisimama. Hewa iliyonaswa husikika pia. Ni sauti ya maji yanayomiminika nyuma ya dashibodi gari linapoondoka.

Hewa hutolewa kwa subira. Gari liegeshwe pua ikiwa juu mlimani, kifuniko kikiwa wazi tangu injini ni baridi, hita ikiwa mwisho wa moto. Injini iungurume polepole huku mipira ikibinywabinywa na maji yakiongezwa, hadi themostati ifunguke na mapovu yakome. Kama hayakomi, kama yanatoka bila mwisho hata baada ya kazi kufanywa vizuri, acha habari ya hita. Ni gesi za silinda zinazopenya gasketi ya hedi na kuingia kwenye maji, na gari hilo lina ugonjwa mkubwa zaidi.

Rejeta ya hita iliyoziba nusu, si iliyooza, inaweza kufufuliwa. Chomoa mipira yote miwili upande wa injini na upitishe maji kwa presha ndogo kinyume cha njia yake ya kawaida, kisha kwa njia yake, kwa zamu, hadi yatoke safi. Presha kamili ya bomba la mjini inaweza kupasua viungo vyake. Tindikali ya ndimu iliyochanganywa na maji mengi husaidia kwa ukoko, lakini kwa muda mfupi na kwa suuza nyingi, kwa sababu rejeta za magari ya karibuni ni za alumini na tindikali inaila. Kinachotoka mwanzoni kikingwe kwenye beseni. Kama bado kina glaikoli kina ladha tamu na ni sumu kwa watoto na mbwa, kisimwagwe uani.

Halafu themostati irudi. Inunuliwe kwa nyuzi zilizoandikwa na mtengenezaji wa gari, na ikifungwa, kile kitundu chake kidogo chenye kipini kielekee juu ili hewa ipite. Mafundi makini huipima kwanza kwenye sufuria ya maji moto, ikining'inia kwa uzi pamoja na kipimajoto, nami nawasifu. Lakini kipimo hicho kina mtego huku juu. Themostati ya nyuzi 82 huanza kufunguka hapo, na hufika wazi kabisa karibu na 95. Maji ya sufuria Njombe hayafiki 95, yanachemka kwenye 93. Ile ya 88 itaonekana imefumbua kidogo tu huku maji yakitokota. Fundi asiyejua hili anatupa themostati nzima, mpya, na anahitimisha kwamba za dukani zote ni bandia. Chenye kupimwa kwa usahihi ni nyuzi inapoanza kufunguka, na kama inajifunga tena ikipoa.

Sababu ya haya kuendelea si ujinga wa fundi mmoja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda ilizuia yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018, Tanzania inatoza ushuru zaidi kwa gari kuukuu. Sheria zote zinatazama umri wa gari linapoingia. Likishaingia, linaishi nasi miaka mingi kuliko lilivyoishi kwao, na katika miaka hiyo mwenye gari hulipa pale tu linaposimama. Kubadilisha kulanti ya gari linalotembea hakuna anayekuja kukulipia. Fundi anayelipwa kwa kazi moja moja, na mteja amekaa kwenye benchi akitazama saa, atachagua tiba inayoshusha mshale jioni hiyohiyo. Dereva wa daladala ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri, na tajiri halali Makete.

Wapo wanaojaribu kukwepa haya yote kwa vihita vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Tundu hilo hutoa wati 150 hivi kabla ya fyuzi kukatika. Ukizilinganisha na kilowati 5 za hita yenyewe, hazitoshi hata kwa kona moja ya kioo. Kwa gari ambalo hita yake imepigwa dairekti na mwenyewe hana uwezo wa kufungua dashibodi mwaka huu, ukungu bado unaweza kupunguzwa. Swichi ya hewa iwe ya kuvuta kutoka nje, kamwe isiwe ya kuzungusha ileile ya ndani yenye pumzi za abiria. Kiyoyozi kama bado kinafanya kazi kiwashwe, hata kwenye baridi, kwa sababu hukausha hewa kabla haijafika kwenye kioo. Kioo cha mbele kisafishwe kwa ndani kwa maji na sabuni hadi utando wa mafuta uishe, maana ukungu hushika zaidi palipo na uchafu. Na madirisha mawili ya nyuma yaachwe wazi kidogo, abiria wakivumilia, hadi jua litoke.